Friji Iliyolazwa Njiani

Haya ni maneno niliyowaambia wauzaji na wanunuzi wa mtandaoni tulipokutana Jumamosi Lanet, hapa Nakuru. Wengi waliokuwa sokoni au safarini waliniomba niyaandike yote. Nimeyaacha karibu na yalivyotoka mdomoni.

Wazee wetu, akina mama, kaka na dada zangu, na nyinyi vijana wa boda mlioacha kazi ya asubuhi mkaja kuketi nasi, hamjambo? Nasema tena, hamjambo?

Asanteni. Nimeombwa nizungumzie ugomvi wa muuzaji na mnunuzi ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Nitaanza na friji.

Dada mmoja wa Free Area, hapa hapa Nakuru, aliuza friji ya mtumba kwa shilingi 18,500. Mnunuzi alikuwa mama wa Kondele, kule Kisumu, anayeuza maziwa. Alitumiwa picha, akatumiwa na video: friji imewashwa, taa ya ndani inawaka, kikombe cha maji kimeganda. Akalipa. Ikapatikana pikapu iliyokuwa inaenda tupu kuchukua mchele Ahero, dereva akakubali kuongeza safari hadi Kondele. Friji ikapakiwa, ikapita Mau Summit, ikateremka Kericho, ikafika jioni. Yule mama akaifuta vumbi kwa kitambaa, akaichomeka kwenye stima. Ikanguruma kidogo, ikatetemeka, ikanyamaza. Haikuwaka tena.

Akapiga simu. Muuzaji akamjibu, "Ilikuwa inafanya kazi, video si unayo?" Mama akasema, "Umeniuzia jeneza." Simu ikakatwa. Saa tatu usiku picha ya yule dada, jina lake na nambari yake ya simu vilikuwa kwenye Facebook, na juu yake neno moja: MWIZI.

Sasa niwaulize. Nani alikuwa mwongo hapa? Wanaosema muuzaji, inueni mikono. Wanaosema mnunuzi? Naona mikono mingi, na naona wanaogopa kuinua.

Hakuna aliyesema uongo, ndugu zangu. Hata mmoja. Ndani ya friji kuna kompresa, na ndani ya kompresa kuna mafuta. Ukiilaza friji, yale mafuta hutiririka yakaingia kwenye mabomba ya gesi. Ndiyo maana fundi atakwambia friji iliyolazwa isimamishwe wima kwa saa kadhaa, ikiwezekana hadi kesho yake, ndipo uiwashe. Dereva aliilaza juu ya magunia kwa sababu hakuwa na kamba ya kutosha na aliogopa itaanguka kwenye kona. Alifanya hisani. Mama wa Kondele aliiwasha papo hapo kwa sababu maziwa yalikuwa yanamngoja. Angejuaje? Na muuzaji? Muuzaji alijua. Alijua na hakusema, kwa sababu hakuulizwa.

Sisi tunaosuluhisha mizozo hii tuliwaweka wote watatu kwenye simu moja Jumapili alasiri. Sharti lilikuwa moja: kila mtu aeleze kuanzia mwanzo hadi mwisho na mwingine asimkate. Mama akaeleza. Dada akaeleza. Ikaja zamu ya dereva, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu tangu siku ile, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi niliilaza, mama. Ingeanguka." Laini ikanyamaza. Nilifikiri mtandao umekatika. Kisha yule dada wa Free Area akasema, "Basi ni mafuta."

Fundi wa Kondele alithibitisha kompresa imekufa, na kubadilisha ni shilingi 6,000. Muuzaji alitoa nusu, kwa sababu alijua na hakusema. Dereva alirudisha nauli aliyolipwa, 1,500. Mama akamalizia. Ile picha ikaondolewa, na mama akaandika pale pale alipoandika mwanzo kwamba yule dada hakumwibia. Je, wamekuwa marafiki? Hapana. Hawajazungumza tena. Lakini friji inagandisha maziwa Kondele.

Nimekaa na kisa hiki muda mrefu kwa sababu karibu kila mzozo unaotufikia una umbo hilo. Tunauingia tukitafuta mwizi. Wezi wapo, sikatai, na nitawafikia. Lakini mara nyingi tunachokuta ni watu wawili wenye ukweli nusu nusu na hakuna aliyewaweka pamoja. Na kadiri wanavyokaa bila kuwekwa pamoja, ndivyo kila mmoja anavyozidi kuamini kwamba mwenzake ni mwovu. Ngojangoja huumiza matumbo. Mzozo wa shilingi elfu sita ukisikilizwa kesho yake ni mzozo wa shilingi elfu sita. Ukisikilizwa baada ya mwezi, ni wa jina la mtu.

Jambo la kwanza, basi, ni maneno yanayotangulia pesa. Wenzangu wa mitumba, mnanisikia? Sisi tuna maneno yetu. Tunasema kamera, tunasema fagia. Ukiniambia hii ni kamera, najua umeitoa juu kabisa ya beli, ya kwanza kuchaguliwa, haina doa. Ukiniambia fagia, najua ni yale yaliyobaki chini watu wakiisha kuchagua. Lakini mwalimu wa Molo anayenunua sweta za watoto wake, yeye anajua kamera ni nini? Alisikia neno hilo akafikiri ni sweta iliyopigwa picha vizuri! Kisa hicho ni cha kweli, tulikisikiliza. Muuzaji alimwandikia "kamera ndogo ndogo", akimaanisha mchanganyiko, na mwalimu akalipa bei ya kamera. Zikaja sweta mbili nzuri na nne zilizotoboka viwiko.

Nami nina langu. Miaka minne iliyopita niliuza mapazia kwa mama mmoja wa Kakamega. Nilipiga picha usiku, chini ya balbu, nikaandika "rangi ya zambarau". Yalipomfikia mchana akanipigia: "Dada, haya ni kahawia." Niliyatazama yale niliyobakiwa nayo, chini ya balbu ile ile, nikamwambia macho yake yana shida. Alipopiga tena, nilimfungia nambari. Wiki iliyofuata niliyatoa nje kuyaanika na nikaona. Yalikuwa kahawia. Nilisimama pale kwenye kamba ya nguo na aibu imenijaa. Nilimfungulia nambari, nikampigia, hakupokea. Nikamtumia pesa yake kwa M-PESA, na hakujibu hata neno moja hadi leo. Nilichomchukulia yule mama hakikuwa shilingi 2,400 peke yake. Nilimwambia ni kipofu.

Kwa hiyo mkiniona nakazania picha ya mchana, picha ya kasoro, vipimo kwa futi ya kushonea, mjue natoka wapi. Sheria nayo inadai hivyo. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima juu ya mapatano ya intaneti: muuzaji ampe mnunuzi habari za lazima kabla ya kukubaliana, tena ampe nafasi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa. Na kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya habari, na haki ya fidia akipata hasara.

Mnajua kitu cha kwanza kuuzwa kwenye tovuti ya eBay, kule Marekani, mwaka 1995? Ni kitaa cha leza kilichoharibika. Kibovu! Kiliuzwa dola 14.83. Mwenye tovuti, Pierre Omidyar, ndiye aliyekiuza. Alishangaa, akamwandikia mnunuzi: umeelewa kweli kwamba hiki hakifanyi kazi? Yule mtu akajibu kwamba yeye hukusanya vitaa vya leza vilivyoharibika. Tazameni alichofanya muuzaji. Pesa ilikuwa inakuja, naye akasimama kwanza kuuliza: umeelewa? Yule dada wa friji angeandika mstari mmoja tu, "ikilazwa usiiwashe hadi kesho", leo nisingekuwa na hotuba.

Jambo la pili: pesa ikae wapi mzigo ukiwa njiani?

Hapa ndipo tunapogombana zaidi, na nitasema wazi, pande zote mbili zina hofu ya haki. Mnunuzi anasema, nikilipa kwanza utapotea. Muuzaji anasema, nikituma kwanza utakataa mzigo na nauli itanila mimi. Tena muuzaji ana hofu nyingine ambayo wanunuzi hawaijui: mtu anapokea mzigo, anatuma pesa mbele ya macho ya mwendesha boda, boda akigeuka tu, anaomba muamala urudishwe akidai alikosea nambari. Nambari ile ya 456, ambayo unaitumia ujumbe wa M-PESA ukikosea, iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea. Iliwekwa kwa mama aliyebonyeza 7 badala ya 4. Ukiitumia kumnyang'anya muuzaji pesa ya kitu ulichokwisha kukivaa, huo ni wizi, na sitautafutia jina laini.

Wachina walikumbana na hofu hii hii. Taobao, soko lao la mtandaoni, ilipoanza mwaka 2003, watu hawakuaminiana hata kidogo. Dawa yao ikawa Alipay: mnunuzi analipa, lakini pesa inashikwa katikati. Muuzaji anaona imelipwa, anatuma mzigo. Mnunuzi akishapokea na kuridhika, ndipo pesa inaachiliwa. Si uchawi. Ni kile wazee wetu walichofanya walipompa mtu wa tatu ashike ng'ombe hadi maneno yaishe.

Sisi hatuna mashine hiyo kwenye WhatsApp zetu. Tuna nini? Tuna nyinyi, vijana wa boda. Kwa mizigo ya hapa mjini, kuanzia Kaptembwo hadi Pipeline, tumekuwa tukijaribu kitu tunachokiita dakika kumi za mlangoni. Boda anafika, anampa mnunuzi mzigo, anangoja dakika kumi. Mnunuzi anafungua, anajaribu, anachomeka, anavaa. Akiridhika analipa kwenye tili ya muuzaji, na boda haondoki hadi muuzaji mwenyewe apige kusema ameiona kwenye simu yake, maana ujumbe wa kughushi upo mwingi. Asiporidhika, anarudisha mzigo na kulipa nauli ya kwenda tu, muuzaji analipa ya kurudi. Boda anaongezewa hamsini ya kungoja. Mmenung'unika kwamba hamsini ni kidogo, nami nakubaliana nanyi. Tulizungumze mwezi huu huu. Mtu anayesimama juani akilinda uaminifu wa watu wawili asilipwe kama anapoteza muda.

Kwa mzigo wa mbali, wa kwenda Kisumu au Busia kwa matatu, dakika kumi hazipo. Hapo nasema: mkopane hofu. Nusu kabla, nusu ukifika. Piga video ukifunga mzigo, na mwenzako apige video akiufungua, bila kukata katikati. Jina kwenye tili liandikwe kwenye mazungumzo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu siku hizi ni simu. Usifute mazungumzo!

Jambo la tatu ni kusikilizwa, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Mwaka 1999 eBay walimwomba profesa wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Ethan Katsh, ajaribu kuwasuluhisha wanunuzi na wauzaji wao kwa barua pepe. Watu walioishi mbali, wasiojuana, wanaogombania vitu vidogo. Wakaweka msuluhishi mmoja. Katika wiki mbili hivi, mizozo kama 200 ikamfikia. Baadaye eBay wakasema wanapokea mizozo milioni 60 kwa mwaka, na mingi kabisa inaisha bila mtu kuigusa, kwa programu tu inayowauliza wahusika maswali. Maswali gani? Ya kawaida sana. Mzigo haujafika, au umefika lakini haufanani na ulivyoelezwa? Unataka nini: urudishiwe pesa yote, sehemu, au upewe kingine? Mwenzako anasema hivi, unakubali?

Nimeyachukua maswali hayo hayo na nimeyaona yakifanya kazi hapa Nakuru. Mtu anakuja kwetu anatetemeka, ana kurasa za matusi kwenye simu. Unamuuliza, "Mama, haujafika au haufanani?" Ananyamaza. Anafikiri. "Umefika, lakini haufanani." Unamuuliza unataka nini. Mara nyingi hajui! Amekuwa na hasira siku tisa na hajawahi kumwambia muuzaji anataka nini. Juzi mtu alitaka vifungo tu. Vifungo viwili vya koti.

Jambo walilogundua wale wa eBay, ambalo nalishika kama ushahidi, ni kwamba watu walioshindwa kwenye mzozo nao waliendelea kununua. Walioondoka ni wale ambao mzozo wao ulivutwa na kuvutwa. Mtu anaweza kushindwa akasamehe. Kungojeshwa hasamehi.

Sasa niseme juu ya kuanikana, na nitakisema kisa hiki pole pole kwa sababu mwenyewe yuko humu ndani na ameniruhusu. Kijana wa hapa kwetu aliuza simu kwa mtu wa Kisumu, akalipwa yote, akaipeleka kwenye ofisi ya mizigo. Siku ya pili haijafika. Ya tatu haijafika. Mnunuzi akamwanika, sura na nambari, pamoja na picha ya mama yake aliyoitoa kwenye ukurasa wake. Watu wakampigia usiku kucha. Mama yake, mwenye kibanda cha mboga, akaulizwa na wateja wake kama anakula pesa ya wizi. Siku ya nne tulimwomba binamu ya mmoja wetu aende ile ofisi ya Kisumu kwa miguu. Mzigo ulikuwa kwenye rafu. Nambari ya mpokeaji iliandikwa 0 mahali pa 6, kwa hiyo kila walipopiga, hawakumpata mwenyewe. Tarakimu moja!

Ile picha ilifutwa. Lakini mama yake alihamisha kibanda.

Nawasihi. Kabla hujamwanika mtu, umeuliza ofisi ya mizigo? Umempa siku mbili? Umemtafuta mtu wa tatu? Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na mtu aliyechafuliwa jina anaweza kukushtaki hata kama kweli alikukosea shilingi mia tano. Ukitaka kuwaonya wengine, zipo njia zake, lakini mama yake hakukuuzia kitu.

Na wezi je? Nilisema nitawafikia. Anayechukua pesa ya watu kumi na kubadilisha laini, huyo hana mzozo na mtu. Huyo ni wa polisi, na usilete kisa chake kwenye meza yetu tukakaa wiki mbili tukimbembeleza. Hifadhi ujumbe, hifadhi jina lililotokea ulipotuma pesa, nenda ukaandikishe.

Katikati kuna yule anayejulikana, ana duka, ana jina, na amekataa tu. Ameitwa mara tatu, hasikii. Kwa huyo kuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya mwaka 2016, mahakama yenyewe ikaanza kazi Nairobi mwaka 2021, na sasa iko Nakuru na iko Kisumu. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mauzo ya bidhaa yamo. Si lazima uwe na wakili. Haibanwi na zile kanuni kali za ushahidi, na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Nenda na mazungumzo yako, ujumbe wako wa malipo, na kitu chenyewe kama kinabebeka. Nimewahi kumsindikiza mama mmoja. Alikuwa ameshika mfuko wa karatasi wenye viatu viwili vya mguu wa kushoto. Alipoviweka mezani, hakuhitaji kusema sana.

Lakini sikilizeni, mahakama yenyewe imeambiwa na Katiba, kifungu cha 159, ihimize upatanisho na usuluhishi. Kwa hiyo tunapoketi hapa hatufanyi kazi ya kando. Na msuluhishi asichukue asilimia, asiwe amewahi kuuza bidhaa hiyo kwa mmoja wao, na akiwa ni jirani wa mmoja, aseme na aondoke. Mwezi uliopita nilijiondoa kwenye kisa cha godoro kwa sababu muuzaji ni shemeji yangu, na watu walinuna. Wacha wanune.

Leo tuna visa vitatu. Meza iko pale nyuma karibu na mlango, viti vinne: cha mnunuzi, cha muuzaji, cha msuluhishi, na cha nne ni cha aliyebeba mzigo, na siku hizi hatuanzi kabla hakijakaliwa. Kisa cha kwanza ni cha jiko la gesi lililotoka Njoro. Wahusika naomba mje sasa, simu ziwe na chaji. Aliyelibeba nimemwona hapo nje, mwambieni aingie.